Birika la Mkono wa Kushoto

Kompyuta ilipofika karakana ya Esmailji, kwenye barabara ya Pongwe, Massoud Hamadi aliitazama kama mtu anavyomtazama mkwe ambaye hakuulizwa rai yake. Ilikuwa mwaka tisini na nne, zama za ruksa, na kila kitu kilikuwa kinaingia: redio, viatu vya mtumba, ndoo za Dubai, na sasa na hii. Khozema Esmailji, mtoto wa mwenye karakana, aliinunua huko huko Dubai ikiwa imeshatumika, akaipakata mapajani kutoka Dar es Salaam mpaka Tanga asimruhusu hata utingo kuigusa. Aliwakusanya wafanyakazi akawaambia kwamba mashine hiyo itachora vyombo vya plastiki vizuri kuliko binadamu. Binadamu pekee aliyekuwa akichora vyombo pale karakanani alikuwa Massoud, na alikuwa amesimama mstari wa mbele.

Massoud alikuwa Mpemba wa miaka hamsini na miwili, na michoro ya ufundi ndiyo kazi aliyoijua tangu ujana. Zamani aliichorea kampuni ya umma iliyokuwa ikitengeneza sufuria na majembe. Kampuni ikafa, yeye akapunguzwa, akakaa barazani kwake Makorora miezi kumi na mitano, kila asubuhi amevaa shati la kazini ili majirani wasipate la kusema. Ndipo Mzee Esmailji alipomchukua amchoree majagi na mabirika. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini Massoud aliichukia kompyuta siku ya kwanza, na afikirie ile miezi kumi na mitano ya shati la pasi na pahala pa kwenda hamna.

Mtu wa pili katika habari hii ni Bi Tuhfa, mpiga chapa wa ofisi, mjane mwenye watoto watatu. Naye alitoka kwenye kampuni iliyofungwa, ya mkonge. Alikuwa na sifa moja iliyojulikana Tanga nzima: alipiga taipu bila kutazama vidole. Ungeweza kumsimulia msiba, akakulilia na machozi yakamtoka, na barua ikaendelea kutoka bila kosa.

Mwalimu wa kompyuta aliletwa kutoka Dar, kijana aitwaye Asheri. Alikuja kwa wiki moja, akakaa siku mbili, kwa sababu alikuta mgogoro asiofundishwa chuoni kwao. Alimwambia Massoud aweke mkono wa kulia kwenye kile kidude cha kusukuma mezani, wanachokiita mausi, na wa kushoto kwenye vitufe. Massoud akakataa.

"Mausi nitaishika, ni kama kalamu tu," alisema. "Lakini vitufe ni taipu, na taipu si kazi ya mchoraji. Miye sikuajiriwa kupiga taipu."

Asheri akamgeukia Bi Tuhfa, akamwomba basi yeye aifanye yote.

"Barua yangu ya ajira inasema mpiga chapa," alijibu Bi Tuhfa. "Vitufe nitavibonyeza mpaka vitoke moshi. Kuchora sikuandikiwa."

Hawa wawili walikuwa wamelelewa na kampuni za umma, ambako mtu wa kufagia hakuinua ndoo na mtu wa ndoo hakugusa ufagio. Asheri aliwatazama kwa zamu, akawaza arusi ya kaka yake iliyokuwa ikimngoja, akaona isiwe tabu. Akamfundisha mmoja mausi na mwingine vitufe, akawaachia karatasi moja yenye orodha ya njia za mkato, yaani vitufe viwili vya kubonyezwa pamoja ili mashine itende jambo moja, akaondoka na basi la saa nne.

Hivi ndivyo karakana nzima ilivyoamini kwamba kompyuta ni chombo cha watu wawili, kama msumeno wa kupasulia mbao. Massoud alikaa kulia, Bi Tuhfa kushoto, na katikati yao ikawekwa chupa ya chai kwa ajili ya heshima. Massoud alichora kwa mausi mbavu za chombo, mstari kwa mstari, halafu akatoa amri, na Bi Tuhfa akaitekeleza kwa vidole.

"Nakili!"

"Tayari."

"Vika ngozi!"

Hiyo ya ngozi ndiyo iliyokuwa ajabu ya programu ile. Mbavu zilikuwa zikielea kwenye kioo mfano wa samaki aliyekwisha kuliwa. Bi Tuhfa akibonyeza vitufe viwili, ngozi nyororo ilizivaa mbavu zote, na chombo kikawa chombo.

"Rudi nyuma! Tena. Tena. Tena... basi, basi! Umepita, Bi Tuhfa!"

"Umesema tena mara tatu, Bwana Massoud. Mimi nahesabu, sibahatishi."

Kwa mtindo huo walichora majagi manne na ndoo moja, na Massoud alianza kuizoea ile mashine, ingawa asingekiri hata kwa kiapo. Kisha Khozema akasoma mahali fulani kwamba huko Uingereza alikosomea, kompyuta moja huendeshwa na mtu mmoja. Sijui ilimchukuaje miezi mitatu kulikumbuka hilo, maana aliishi huko miaka mitano.

Aliwaita wote wawili ofisini. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ulimfanya aseme mambo mabaya huku akitazama dirisha.

"Ndoo za Dubai zinatuua," alisema. "Siwezi kuweka watu wawili kwenye mashine moja. Alhamisi ya wiki ijayo baba atakuja. Kila mmoja wenu atachora birika la kutawadhia, peke yake, mbele yake. Atakayeweza atabaki. Atakayeshindwa, nitasikitika sana."

Bi Tuhfa alitoka akiwa amekunja midomo, na Massoud alitoka akiiona baraza ya Makorora mbele yake na shati lake la pasi likimngoja.

Birika lenyewe halikumtisha. Alikuwa amelifikiria mwaka mzima. Mabirika ya sokoni yana mpini nyuma, na ukitaka kumimina unapinda kifundo cha mkono na maji yanaingia kwenye mkono wa kanzu. Massoud alitaka mpini ukae ubavuni, upande wa kulia, ili mtu alishike kwa mkono wa kulia, aliinamishe tu, na maji yaende yanakotakiwa. Wa kulia, bila shaka. Hakuna mtu pwani hii ya kuuziwa birika linaloshikwa kwa mkono wa kushoto, maana wa kushoto una kazi yake nyingine pale maji yanapomiminika, na kazi hiyo haijadiliwi hadharani.

Kilichomtisha ni ile karatasi ya Asheri. Njia za mkato zilikuwa tisa, zimepangwa kwa herufi, na akili ya Massoud ilijua namna moja tu ya kuhifadhi jambo. Aliijua tangu chuo cha Kurani, Wete, mbele ya mwalimu mwenye bakora: unasoma kwa sauti, kwa mdundo, kutoka mwanzo mpaka mwisho, mpaka ulimi unakwenda wenyewe. Alikata kipande cha boksi la sabuni, akakichorea vitufe vyote kwa wino, kazi nzuri mno isiyo na haja ya uzuri wote ule, akakiweka mapajani, na kila siku baada ya alasiri akaketi uani akitikisa mwili mbele na nyuma.

"Kontroli A, chagua vyote! Kontroli Si, nakili! Kontroli Je, unganisha! Kontroli El, vika ngozi! Kontroli Em, kioo! Kontroli Ari, zungusha! Kontroli Ti, kata! Kontroli Vi, bandika! Kontroli Zedi, rudi nyuma!"

Jirani yao Chiku alichungulia juu ya ua wa makuti.

"Mama Fadhil, mzee anasoma uradi gani huo? Mbona siujui?"

"Uradi wa mshahara," alijibu Khairiya, mke wa Massoud, huku akikuna nazi.

Siku ya nne Khairiya aliamua kumjaribu.

"Haya, Baba Fadhil. Kukata ni kipi?"

Massoud akafumba macho, akatikisa mwili. "Kontroli A, chagua vyote. Kontroli Si, nakili. Kontroli Je..."

"Nimekuuliza kukata."

"Si ndo nakwenda huko! Usinikate. Ukinikata narudi mwanzo."

"Kukata ni Ti," alisema Khairiya bila kuinua kichwa kwenye mbuzi ya nazi. "Kioo ni Em. Kuzungusha Ari. Sasa weye bosi atakungoja mpaka ufike?"

"Umejuaje?"

"Nimekusikia mara mia mbili, na miye si kiziwi."

Massoud alichukia, kwa sababu alikuwa na haki ya kuchukia. Akamwambia kwamba elimu ni kufululiza, kwamba hata juzuu amma mtu akimwamsha katikati lazima aanze upya, na kwamba mwanamke anayejibu bila kutikisika hajahifadhi, amebahatisha tu. Khairiya akacheka mpaka akaweka nazi chini. Massoud akachukua boksi lake la sabuni akahamia upande wa pili wa ua.

Alhamisi umeme ulikuwepo, na hilo peke yake lilikuwa la kushukuru katika mwezi ule wa mgawo. Mzee Esmailji alifika saa tatu, ameshikwa na mkwewe Nilofer. Alikuwa na kanzu nyeupe na kofia ya kwao yenye ukingo wa dhahabu, na alikuwa hajaonekana karakanani miaka miwili, tangu alipopata kiharusi. Mkono wake wa kulia ulining'inia umekufa, na Nilofer aliuinua akaulaza mapajani pa mzee alipokwisha kumkalisha. Wafanyakazi walimwamkia shikamoo, wakamtazama usoni tu, kwa adabu. Massoud naye akafanya vivyo hivyo. Masikio ya mzee nayo hayakuwa mazima.

"Marahaba, marahaba," alisema mzee. "Haya, nionyesheni hicho kinachokula umeme wangu."

Massoud alianza. Alisukuma chupa ya chai pembeni, maana leo hapakuwa na mpaka wa kuwekwa, akashika mausi. Niseme haki yake: alichora vizuri. Mbavu za birika zilijipanga mmoja baada ya mwingine, tumbo likapanda kwa wastani, shingo ikakaa mahali pake, mdomo ukachomoza, na mpini ukajikunja ubavuni, upande wa kulia, kama alivyouota mwaka mzima. Khozema alitikisa kichwa kwa kuridhika. Bi Tuhfa, aliyesimama nyuma akingoja zamu yake, naye alitikisa kichwa, ingawa hakupenda.

Likabaki jambo moja. Mdomo ulikuwa mrefu kidogo, ulihitaji kukatwa, kisha birika livikwe ngozi. Kukata. Massoud aliweka vidole vya kushoto kwenye vitufe. Kukata ni kipi? Alijua kwamba anajua. Akafumba macho, na mwili ukaanza kwenda mbele na nyuma wenyewe.

"Kontroli A, chagua vyote..."

Na vidole vikafuata. Hilo hakulifikiria hata siku moja pale uani: boksi la sabuni hunyamaza likibonyezwa, lakini kompyuta hutii. A ikachagua birika zima. Si ikalinakili. Je ikaunganisha, El ikavika ngozi, na Em, ambayo hugeuza kitu kama kinavyogeuzwa na kioo, ikauchukua mpini wa kulia na kuupeleka kushoto. Ari ikalizungusha birika duara kamili likarudi lilipokuwa. Ti ikakata mdomo. Vi ikabandika birika jingine juu ya birika. Zedi ikaliondoa hilo jingine, na hilo tu.

Massoud alipofumbua macho aliona mpini uko kushoto. Lakini kabla hajasema neno alisikia nyuma yake sauti nzito.

"Amin," alisema Mzee Esmailji.

Mzee alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto, kiganja juu. Kwa masikio yake yale alikuwa amesikia mtu akisoma kwa mdundo, akitikisika, amefumba macho, kabla ya kumaliza kazi. Aliona ni dua, na ni dua gani isiyoitikiwa? Nilofer akainua mikono. Mafundi wakainua mikono. Khozema alitazama kulia na kushoto, akainua ya kwake.

"Amin," karakana nzima ikaitikia.

Massoud akafikiri haraka. Dawa ilikuwa Em: kioo kikigeuza mara ya pili, mpini utarudi. Lakini Em haikuja peke yake. Ilikuja na ndugu zake wote, kutoka A. Akafumba macho akaanza tena, sauti juu zaidi kwa sababu ya hofu, na mpini ukarudi kulia, alhamdulillahi. Angenyamaza hapo ningekuwa sina hadithi. Ila ulimi uliokwisha kushika mwendo hausimamishwi na breki, na kufikia "rudi nyuma" ya mwisho ukawa umeshaunganisha na "Kontroli A" nyingine. Mzunguko wa tatu ukapita kama ule wa kwanza. Mdomo wa birika ulikuwa umekatwa mara tatu sasa, umekuwa mfupi mno.

"Amin, amin," alisema mzee. "Inatosha, mwanangu. Mungu ameshasikia. Nisogezeni."

Wakamsogeza. Massoud aliinua mikono kwenye vitufe kama mtu aliyekamatwa na askari, na mpini ulikuwa kushoto, umetulia, mzuri, wa haramu. Alijua kazi imekwisha. Alianza hata kupanga atakavyomweleza Khairiya, na jinsi Khairiya atakavyojizuia asicheke.

Mzee Esmailji alivaa miwani. Akalitazama birika kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto na kugusa kioo cha kompyuta, pale penye mpini, vidole vikajikunja kana kwamba vinaushika.

"Uko huku," alisema.

"Baba, nadhani kuna..." Khozema alianza.

"Nyamaza. Uko huku, upande wangu." Sauti yake ilibadilika. "Miaka miwili natiliwa maji kama maiti. Mara tano kwa siku binti yangu huyu anasimama na birika, ananiosha mtu mzima. Yale ya sokoni nikiyashika kwa mkono huu yananipinda kifundo, maji yote mapajani. Hili ningeliinamisha tu. Ningetawadha mwenyewe." Akamgeukia Massoud, macho yamejaa. "Watu wote wananitazama usoni. Adabu, najua. Mkono huu hakuna anayeutazama. Wewe umeutazama."

Nilofer alijifuta macho kwa ncha ya rida aliyojitanda. Mafundi waliinamisha vichwa. Khozema alimshika Massoud bega akasema kwamba hakuna haja tena ya kuendelea na jaribio, kwamba mtu mwenye moyo kama huu ndiye karakana inayemtaka.

Massoud hakuhitaji kusema kitu. Alitakiwa kuinamisha kichwa tu na kazi ni yake, na baraza ya Makorora iende zake. Akatazama nyuma akamwona Bi Tuhfa. Yeye peke yake katika chumba kile alijua Em inafanya nini. Alikuwa ameviona vidole. Alichukua mkoba wake taratibu, akautia begani, akamtazama Massoud mara moja, kisha akaangalia mlango.

Ingekuwa shutuma, Massoud angeivumilia; angeijibu hata. Kilichomshinda ni shukrani ya yule mzee. Haikuwa haki yake, kwa sababu alikuwa ameinywa chai ya mzee huyu miaka, na hata siku moja hakuwaza anatawadha vipi.

"Mzee," alisema. "Sikuutazama."

"Unasema?"

"Sikuutazama mkono wako, Mzee!" ilibidi apaze sauti, na aibu ikapaa pamoja na sauti. "Nimekosea! Nilikuwa natafuta kukata mdomo, vidole vikapita kwenye kitufe cha kioo. Na ile haikuwa dua. Zilikuwa njia za mkato."

Mafundi walitazamana, wakikumbuka walivyoinua mikono. Mzee Esmailji alivua miwani.

"Basi hakuna aliyeutazama," alisema polepole.

"Hakuna, Mzee. Nisamehe."

Mzee akatazama mkono wake uliokufa mapajani. Kisha bega lake zima likaanza kutikisika, na Nilofer akashtuka akidhani kiharusi kimerudi, kumbe mzee alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Nimeitikia amin mara tatu," alisema. "Mara tatu! Haya, kazi apewe anayeijua. Yule mama na afanye yake."

Bi Tuhfa akaketi. Hakutumia mausi hata kidogo. Aliisogeza pembeni, ilipokuwa chupa ya chai. Kumbe miezi mitatu alipokuwa akimsikiliza Massoud akitoa amri alikuwa akijifunza kuchora, na kumbe hata mistari ya mbavu ina vitufe vyake. Vidole vilikwenda, yeye akitazama kioo tu, na birika likainuka mbele ya watu kwa dakika kumi na moja, mpini kulia. Kisha akalinakili, akabonyeza Em mara moja, na la pili likakaa pembeni ya la kwanza, mpini kushoto.

"Hili la biashara," alisema. "Na hili la Mzee."

Hapakuwa na la kujadili. Massoud mwenyewe alisema, "Kazi ni yake kwa haki," na alilisema mbele ya wote. Khozema alitazama dirisha, akamwambia Bi Tuhfa aandike barua ya Bwana Massoud ya kuachishwa kazi, halafu akamsindikiza baba yake kwenye gari.

Sasa, mtu wa kampuni ya umma haondoki bila barua. Asiye na barua hajaachishwa, ametoroka. Kwa hiyo kesho yake asubuhi Massoud alivaa shati lake, akapanda baiskeli, akaja kuingoja. Bi Tuhfa alikuwa mbele ya kompyuta, na barua ilikuwa kwenye kioo: anwani, tarehe, jina lake, na mstari mmoja usemao *Tunasikitika kukuarifu kwamba*. Massoud akaketi kwenye kiti chake cha kulia, kwa kuwa hapakuwa na kingine.

Bi Tuhfa aliinua vidole juu ya vitufe, akavishusha mapajani.

"Bwana Massoud, kabla sijaendelea. Ule mdomo wa birika langu, maji yatapita?"

Massoud alitaka kukaa kimya kwa kiburi. Akashindwa. "Yatapita, na yatarudi chini ya mdomo, yatiririke tumboni mwa birika mpaka miguuni mwa mtu. Umeukata wima. Lazima uwe na ulimi."

"Ulimi vipi?"

Bi Tuhfa akabonyeza vitufe viwili, barua ikatoweka, birika likaja. Massoud akaeleza ulimi. Akaeleza kwa nini maji hupenda kufuata ukingo, na unene wa ukingo, na vile shingo ikiwa nyembamba hewa hukosa njia. Ilipoadhiniwa Ijumaa walikuwa wamefika kwenye mfuniko.

"Na barua?" aliuliza Massoud.

"Haijaisha. Njoo kesho."

Alikuja kesho. Alikuja na kesho yake. Kila Khozema alipopita kuuliza, vidole viwili vya Bi Tuhfa vilishuka, na kwenye kioo lilikuwepo birika, au jagi, au kinu cha plastiki cha kusagia vitunguu ambacho Massoud alikuwa ameanza kukifikiria.

"Barua ya Bwana Massoud bado?"

"Bado inachapwa, bosi."

Khozema aliangalia dirisha, akasema hakuna haraka. Nadhani alikuwa ameshaambiwa neno nyumbani, na pengine hakuambiwa; alikuwa mtu asiyependa kutia sahihi jambo baya. Birika la Mzee lilitoka karakanani, moja tu, la kijani. Mabirika ya mkono wa kulia yalitoka elfu, yakafika mpaka Pangani. Mwisho wa mwezi Massoud aliitwa dirishani kupokea mshahara kama kawaida, kwa sababu jina lake halikuwa na barua ya kulifuta.

Ilifika Machi. Asubuhi moja Bi Tuhfa alikuwa akitafuta mchoro wa ndoo, na barua ikatokea kwenye kioo asiwahi kuificha. Wote wawili wakaitazama. Massoud aliisoma kutoka juu, polepole, akafika kwenye *kwamba*, akarudi tena juu.

"Bi Tuhfa," alisema, "hii ina tarehe ya mwaka jana. Barua rasmi haiwezi kutoka na tarehe iliyopita. Itabidi uianze upya."

"Ndiyo maana inachelewa," alisema Bi Tuhfa, akammiminia chai.